Ripoti, Tashtiti na Kashfa: Istilahi za Magazeti Huru ya Afrika Kusini Katika Kipindi cha Mpito

1. Utangulizi

Miongoni mwa maswali tunayoletewa mara kwa mara na wafasiri, walimu na watumishi wa serikali, yamo mengi yahusuyo lugha ya magazeti. Mwulizaji aghalabu hutaka neno moja tu la Kiswahili litakalosimama mahali pa neno moja la kigeni. Lakini ziko nyanja ambazo neno haliwezi kufasiriwa peke yake, kwa kuwa maana yake hutegemea maneno jirani, na ukilikosea moja umekwisha kuyakosea mengine. Nyanja ya magazeti huru ni mojawapo.

Katika makala hii tunakusudia kuzieleza dhana kadhaa za nyanja hiyo na kupendekeza istilahi zake. Ili maelezo yetu yasielee hewani, tumechagua mfano mmoja, nao ni magazeti huru ya Afrika Kusini tangu mwaka 1985 hadi uchaguzi wa Aprili 1994. Tumeuchagua mfano huu kwa sababu mbili. Kwanza, katika nchi hiyo ripoti na tashtiti zilifanya kazi pamoja, mara nyingine katika gazeti moja, hata tofauti zake zikaonekana waziwazi. Pili, tangu Agosti 2019 Kiswahili ni mojawapo ya lugha rasmi za Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, kwa hiyo hati zinazohusu historia na sheria za nchi hiyo zina njia zaidi ya kufika mezani kwa wafasiri wetu.

Hoja yetu kuu ni hii. Ripoti na tashtiti zote mbili humsema mtawala, lakini kila moja ina wajibu wake. Ripoti hudai kwamba jambo fulani limetendeka, na hivyo yapasa kuwa na ushahidi. Tashtiti haidai hivyo. Hulikuza jambo lijulikanalo ili watu walione lilivyo, na hivyo yapasa itambulikane kuwa ni tashtiti. Mfasiri akizichanganya, msomaji ataushika mzaha kuwa habari, au ataitupa habari kuwa mzaha. Na pale msomaji anapokuwa ni hakimu au afisa mwenye mamlaka ya kulifunga gazeti, kosa hilo la lugha huweza kumgharimu mtu riziki yake au uhuru wake.

2. Kipindi cha mpito

Istilahi hii imekwisha kuzoeleka, nasi hatuna haja ya kuibadilisha. Inafaa tu kuitenga na mapinduzi, ambayo huuondoa utawala kwa ghafla, na vilevile na mageuzi, ambayo huweza kufanywa na utawala uleule bila ya kuondoka. Mpito ni muda ulio kati ya tawala mbili: ule wa zamani bado unashika polisi, mahakama na hazina, na ule mpya haujashika kitu.

Kwa Afrika Kusini, mpito huhesabiwa kwa kawaida kuanzia tarehe 2 Februari 1990, Rais F. W. de Klerk alipotangaza bungeni kwamba vyama vya ANC, PAC na chama cha Kikomunisti havikatazwi tena. Siku tisa baadaye Nelson Mandela alitoka kifungoni. Mpito ulikoma kwa uchaguzi wa Aprili 1994, wa kwanza kuwashirikisha raia wote. Hata hivyo, magazeti tunayoyazungumzia yalianza kazi kabla ya muda huo, chini ya sheria za hali ya hatari, na bila ya kuyatazama kuanzia hapo hayaeleweki.

3. Huru, binafsi na mbadala

Kivumishi huru kimebeba maana nyingi katika Kiswahili. Nchi iliyojitawala ni huru, mtu asiyefungwa ni huru, na siku hizi hata gazeti lisilo mali ya serikali huitwa huru. Matumizi haya ya mwisho ndiyo yanayohitaji kuangaliwa.

Mwaka 1915 ilianzishwa huko Afrika Kusini kampuni ya Nasionale Pers. Mhariri wa kwanza wa gazeti lake la Die Burger alikuwa D. F. Malan, ambaye mwaka 1948 aliingia madarakani akiwa Waziri Mkuu kwa tiketi ya chama cha National, chama kilichoujenga ubaguzi wa rangi kuwa mfumo wa sheria. Kampuni hiyo haikuwa ya serikali. Ilikuwa ya watu binafsi, lakini kwa miaka mingi magazeti yake yalikiunga mkono chama hichohicho. Basi, twaweza kusema kwamba Die Burger lilikuwa gazeti binafsi, lakini hatuwezi kusema kwamba lilikuwa gazeti huru mbele ya chama kilichotawala.

Tulilinganishe na magazeti mawili yaliyokuja baadaye. Baada ya gazeti la Rand Daily Mail kufungwa na wenye mali mwezi Aprili 1985, baadhi ya waandishi waliopoteza kazi, wakiongozwa na Anton Harber na Irwin Manoim, walianzisha Weekly Mail mwezi Juni mwaka huohuo. Mnamo Novemba 1988, Max du Preez na wenzake walianzisha Vrye Weekblad, jina ambalo maana yake ni Gazeti Huru la Wiki. Yote mawili yalikuwa ya watu binafsi, lakini sifa iliyoyatenga na mengine ni kwamba uamuzi wa nini kichapwe ulikuwa mikononi mwa wahariri, na si wa chama, serikali wala mtangazaji wa biashara.

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba gazeti binafsi litumike kuonyesha mmiliki, na gazeti huru litumike kuonyesha ni nani mwenye uamuzi wa uhariri. Istilahi ya tatu, gazeti mbadala, ifae kwa magazeti yaliyoanzishwa makusudi kusema yale ambayo magazeti makubwa hayayasemi. Miongoni mwa hayo lilikuwamo New Nation, ambalo mhariri wake, Zwelakhe Sisulu, aliwekwa kizuizini mwezi Desemba 1986 akakaa humo miaka miwili.

Kuhusu Vrye Weekblad kuna jambo moja zaidi linaloihusu kazi yetu sisi wa lugha. Gazeti hilo liliandikwa kwa Kiafrikana. Tangu ghasia za Soweto za tarehe 16 Juni 1976, lugha hiyo ilikuwa imechukiwa na wengi kama lugha ya polisi na ya karani wa pasi, ingawa wasemaji wake wengi ni watu wasiokuwa Wazungu. Du Preez na wenzake hawakuiacha. Waliandika Kiafrikana cha mitaani, chenye maneno ya kuchanganya ambayo wasanifu wa lugha walikuwa wameyakataa, na kwa lugha hiyo wakaisema serikali iliyojiona ndiyo mlinzi wake. Walimu watakaoutumia mfano huu darasani watapata nafasi ya kujadili kama usanifu wa lugha ni mali ya watawala au ya wasemaji.

4. Udhibiti

Wafasiri wengine wametumia neno sensa kwa kazi ya kukagua na kufuta maandishi kabla hayajachapwa. Neno hilo halifai hata kidogo, kwa kuwa sensa kwetu ni hesabu ya watu, na kila mwananchi amekwisha kulizoea hivyo. Tunapendekeza udhibiti wa habari kwa tendo, mdhibiti kwa mtendaji, na kujidhibiti kwa hali ya mhariri kufuta mwenyewe kwa kuchelea adhabu.

Tarehe 12 Juni 1986 serikali ya P. W. Botha ilitangaza hali ya hatari katika nchi nzima. Kanuni zake zilikataza magazeti kueleza mwenendo wa askari katika maeneo ya machafuko na mambo mengine mengi. Weekly Mail likachapa makala zake pamoja na mistari mieusi iliyofunika maneno ambayo, kwa ushauri wa wanasheria, yangelivunja kanuni hizo. Msomaji aliletewa ukurasa wenye sentensi zilizokatwakatwa. Kabla ya mwaka huo kwisha kanuni mpya zikatolewa, na sasa hata nafasi tupu na mistari ya kufutia ikakatazwa, kwa kuwa nayo ilionekana kuwa ni maneno.

Mistari ile inastahili kuzingatiwa na kila mwenye kutaka kuzifahamu dhana zetu mbili. Ilikuwa ni ripoti, maana ilimwarifu msomaji jambo la kweli lenye ushahidi mbele ya macho yake, yaani kwamba serikali imemzuia kusoma. Ilikuwa pia ni tashtiti, kwa kuwa ilimvika mdhibiti vazi lake mwenyewe na kumpitisha hadharani. Hapo ndipo ripoti na tashtiti zilipokutana kabisa. Katika mambo mengine yote zilikwenda njia mbili, nasi sasa tutazifuata moja baada ya nyingine.

5. Ripoti

Kiswahili kina msamiati mpana wa mambo yasemwayo. Tukiupanga kwa kadiri ya uthabiti, chini kabisa tunaweka uvumi, ambao hauna mwenyewe. Kisha tetesi na fununu, ambazo zina dalili lakini hazina shahidi. Kisha habari, neno linaloweza kuchukua yote. Kisha taarifa, ambayo ni maelezo yanayotolewa na mwenye dhamana. Na ripoti, ambayo ni maelezo ya jambo lililochunguzwa. Wahenga walisema, lisemwalo lipo, kama halipo laja. Methali hiyo yamfaa msikilizaji wa barazani, lakini mwandishi wa ripoti hawezi kuitegemea mbele ya hakimu.

Mwezi Oktoba 1989, Almond Nofomela, aliyekuwa askari polisi na wakati huo akingojea kunyongwa kwa kosa jingine la mauaji, alikiri kwamba alikuwa mmoja wa kikosi cha polisi kilichowaua wapinzani wa serikali. Weekly Mail lilizichapa habari zake. Baada ya hapo, Dirk Coetzee, aliyewahi kuwa kamanda wa kikosi hicho katika shamba la Vlakplaas karibu na Pretoria, alimsimulia mambo yake Jacques Pauw wa Vrye Weekblad. Mahojiano yalifanyika nje ya nchi, ili msemaji awe salama kabla gazeti halijatoka. Tarehe 17 Novemba 1989 Vrye Weekblad lilichapa maelezo hayo. Yalikuwamo majina, mahali na namna mauaji yalivyotendwa, likiwamo la mwanasheria Griffiths Mxenge, aliyeuawa Durban mwezi Novemba 1981.

Mfano wa pili ni wa Julai 1991, katikati ya mpito. Weekly Mail lilichapa hati za polisi zilizoonyesha kwamba fedha za siri za serikali zilitumika kukigharimia chama cha Inkatha, mpinzani wa ANC, wakati serikali ikijitangaza kuwa haiegemei upande wowote katika mapigano ya vyama hivyo. Kabla ya mwezi huo kwisha, mawaziri Adriaan Vlok wa polisi na Magnus Malan wa ulinzi walihamishwa kwenye wizara ndogo.

Mifano hii miwili inatupa istilahi nne. Ya kwanza ni uandishi wa uchunguzi. Baadhi ya wafasiri wametumia upelelezi, lakini neno hilo ni la polisi na la majasusi, na kumwita mwandishi mpelelezi katika nchi yenye hali ya hatari ni kumtia katika shutuma ambayo hakuitenda. Ya pili ni ufichuzi, yaani tendo la kulitoa hadharani jambo lililofichwa makusudi. Ya tatu ni mfichuzi, kwa mtu wa ndani anayelitoa jambo hilo, kama alivyofanya Coetzee. Mfichuzi si lazima awe mwema. Coetzee mwenyewe alikuwa mshiriki wa mauaji aliyoyafichua. Ya nne ni chanzo, neno pana zaidi, maana chanzo huweza kuwa mtu au hati. Katika kisa cha Vlakplaas chanzo kilikuwa watu, na katika kisa cha Inkatha chanzo kilikuwa karatasi. Tofauti hiyo ilikuja kuwa na uzito mkubwa mahakamani, kama tutakavyoona.

6. Tashtiti na jamaa zake

Hapa Kiswahili hakina upungufu wa maneno. Shida ni kwamba yako mengi na mipaka yake haijawekwa. Kejeli ni maneno ya kumdunisha mtu. Dhihaka ni kumfanya mtu kichekesho. Kinaya, katika uhakiki wa fasihi, ni kusema kinyume cha kile kinachokusudiwa au kutokea kinyume cha kile kilichotarajiwa. Kijembe ni neno lililofumbwa ili limchome mmoja katika wengi. Mzaha ni wa kufurahisha tu. Kila moja laweza kuwa chombo mkononi mwa mwenye tashtiti, lakini hakuna hata moja lililo tashtiti yenyewe, kwa sababu hakuna lililobeba kusudi lake. Kusudi la tashtiti ni kuuweka wazi uovu au upumbavu wa wenye nguvu ili jamii iuone na ikiwezekana iurekebishe.

Tunafahamu kwamba katika vitabu vya shule tashtiti huelezwa kuwa ni mbinu ya kuuliza swali ambalo jibu lake lajulikana. Matumizi hayo hayapingani na pendekezo letu. Mwenye tashtiti naye hufanya jambo la namna hiyohiyo: huonyesha kana kwamba hajui kile ambacho yeye na hadhira yake wanakijua vizuri. Walimu wanaweza kuzitenga maana hizi mbili kwa kusema swali la tashtiti pale wanapoikusudia ile mbinu.

Kuna desturi yetu inayoweza kutusaidia kuieleza dhana hii, nayo ni utani. Mchaga na Mpare, Mnyamwezi na Mzaramo, huambiana maneno ambayo mtu mwingine angeshtakiwa kwayo, na hakuna anayekasirika. Utani umempa kila mmoja ruhusa. Tashtiti yafanana na utani kwa kuwa nayo yataka iruhusiwe kusema kisichosemeka. Lakini watani ni sawa kwa sawa, na ruhusa yao hutoka kwa mababu. Mwenye tashtiti humsema aliye juu yake, na ruhusa yake hana budi kuipigania. Ndiyo maana kuifasiri tashtiti kwa neno utani ni kuifanya ionekane nyepesi kuliko ilivyo.

Mtu mashuhuri wa sanaa hii huko Afrika Kusini ni Pieter-Dirk Uys. Baadhi ya michezo yake ya kwanza ilipigwa marufuku katika miaka ya 1970. Alimbuni mwanamke aitwaye Evita Bezuidenhout, mke wa mwanasiasa wa chama tawala, aliyepewa ubalozi katika nchi ya Bapetikosweti, ambayo ni bantustani isiyokuwapo. Mtu asiyeijua historia atadhani kwamba huko ni kutia chumvi. La, maana serikali ile ilitangaza kweli kuwa Transkei ni nchi huru mwaka 1976, na Bophuthatswana mwaka 1977, ikawapeleka mabalozi wake katika ardhi yake yenyewe, hali dunia haikuzitambua nchi hizo. Uys aliongeza jina tu na rangi ya mdomo.

Mwaka 1981 Uys alionyesha mchezo alioupa jina la Adapt or Dye. Jina hilo linaigiza kauli ya P. W. Botha aliyewaambia Wazungu kwamba wabadilike au wafe. Katika Kiingereza kitenzi cha kufa na kile cha kutia rangi hutamkwa sawasawa, na Uys akaandika kile cha kutia rangi. Mfasiri atakayeandika Badilika au Ufe ameifasiri kauli ya Botha na kuupoteza mchezo wa Uys. Atakayeandika Badilika au Ujitie Rangi ameyafasiri maneno na kuiua tashtiti, kwa kuwa masikio ya Mswahili hayatasikia mwangwi wowote. Sisi tungependekeza Badilika au Ufue. Kufa na kufua ni jirani kwa sauti, na anayefua hubadilisha nguo asibadilishe mwili, kama vile atiaye rangi hubadilisha nywele asibadilishe kichwa. Rangi imepotea, lakini shutuma imebaki, nayo ndiyo iliyokuwa kiini.

Wako wengine. Mwaka 1989 vijana wanamuziki wa Kiafrikana, akiwamo Johannes Kerkorrel, walizunguka nchi katika msafara ulioitwa Voëlvry, ambao Vrye Weekblad liliuunga mkono. Jina Kerkorrel maana yake ni kinanda cha kanisa, na bendi yake ilijiita ya blusi ya Kireformati, kwa kulichezea jina la kanisa ambalo wakubwa wa serikali walisali humo. Mwaka 1992 Weekly Mail lilianza kuchapa vibonzo vya Madam & Eve, vinavyomhusu bibi wa Kizungu na mtumishi wake wa ndani, Eve. Wakati wanasiasa wakijadiliana katiba katika kumbi kubwa, vibonzo hivyo viliuliza jikoni nani atachemsha chai baada ya uhuru. Kwa michoro ya aina hii Kiswahili kina katuni na kibonzo. Tunapendekeza katuni ibaki kuwa jina la jumla, pamoja na michoro ya filamu, na kibonzo kiwe mchoro wa gazetini wenye ujumbe, hasa wa tashtiti.

7. Kashfa

Sasa tumefika kwenye neno lililotusukuma kuiandika makala hii. Asili ya kashfa ni Kiarabu, na maana ya shina lake ni kufunua. Katika Kiswahili limepata maana tatu. Kwanza, ni jambo la aibu lililofunuliwa, mathalani kashfa ya fedha za Inkatha. Pili, ni maneno yanayoivunja heshima ya mtu, ambayo mtu aweza kuyashtakia. Tatu, katika mazungumzo ya kila siku, ni tusi au dhihaka yoyote.

Tuchukue sentensi fupi: gazeti lilimkashifu jenerali. Yaweza kuwa gazeti lilifichua uovu wake wa kweli. Yaweza kuwa lilimzulia. Yaweza kuwa lilimchora kibonzo. Katika hali ya kwanza gazeti linastahili shukrani, katika ya pili linastahili kulipa fidia, na katika ya tatu linastahili kuchekewa au kupuuzwa. Karani anayeandika muhtasari wa malalamiko kwa kutumia neno hilo bila ya ufafanuzi amekwisha kutoa hukumu kabla ya hakimu.

Kwamba tofauti hizi si za vitabuni tu, kisa cha Vrye Weekblad kinatuonyesha. Coetzee alisema pia kwamba alipewa sumu na Jenerali Lothar Neethling, mkuu wa maabara ya polisi, ili itumike dhidi ya wapinzani. Neethling alikanusha akalishtaki gazeti. Mwaka 1990, tume ya Jaji Louis Harms haikumwamini Coetzee, ikasema hakuna ushahidi wa kikosi cha mauaji huko Vlakplaas. Mwaka 1991 mahakama chini ya Jaji Johann Kriegler ililipa gazeti ushindi. Neethling akakata rufani, na mwishoni mwa mwaka 1993 Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu ile, kwa kuwa gazeti lilitakiwa lithibitishe ukweli wa maneno yake na halikuutosheleza mzigo huo. Lililokuwa nalo hasa ni kauli za watu. Mwezi Februari 1994, ikiwa imebaki miezi miwili tu kabla ya uchaguzi, Vrye Weekblad likafungwa kwa kulemewa na gharama.

Yaliyofuata yanajulikana. Mwaka 1996 Eugene de Kock, kamanda wa baadaye wa Vlakplaas, alihukumiwa vifungo viwili vya maisha pamoja na miaka 212. Mwaka 1997 Coetzee alitiwa hatiani kwa mauaji ya Mxenge, kisha Tume ya Ukweli na Maridhiano ikampa msamaha kwa kuwa alikuwa amesema yote. Habari za kikosi cha mauaji zilikuwa kweli. Mwaka 1998, katika shauri la Bogoshi, Mahakama Kuu ya Rufani iliilegeza sheria: tangu hapo gazeti lililochapa neno lisilothibitika laweza kujitetea kwa kuonyesha kwamba lilikuwa na sababu za haki na uangalifu wa kutosha katika kulichapa. Kinga hiyo ilikuja miaka minne baada ya gazeti lililoihitaji kufa.

Tashtiti ilikuwa na safari nyingine mahakamani. Rais Jacob Zuma alimshtaki mchoraji Jonathan Shapiro, ajulikanaye kwa jina la Zapiro, kwa ajili ya kibonzo cha mwaka 2008, akaiondoa kesi mwaka 2012 kabla haijasikilizwa. Mwaka 2005 Mahakama ya Katiba iliamua shauri la fulana zilizoiga kwa kejeli nembo ya bia ili kuushutumu unyonyaji wa wafanyakazi weusi. Waliozitengeneza walishinda, na Jaji Albie Sachs akauliza katika maoni yake kama sheria ina hisia ya ucheshi. Katika mashauri ya namna hii hakuna anayedai ushahidi kwamba kilichochorwa kilitokea. Huulizwa kama mtu wa kawaida angetambua kwamba ni tashtiti, na kama kuna haki ya mwingine iliyodhuriwa kupita kiasi.

Hivyo basi tunapendekeza kashfa ibaki na maana ya kwanza, yaani jambo la aibu lililofichuliwa. Kwa maana ya kisheria tunapendekeza uvunjaji wa heshima, istilahi ambayo haimhukumu yeyote mapema. Kwa maana ya tatu yatumike maneno mahususi: tusi, dhihaka au kejeli, kwa kadiri ya jambo lilivyo. Tunajua kwamba matumizi ya kashfa katika sheria yamekwisha kuota mizizi, na pendekezo hili litahitaji muda. Wakati likingojewa, mfasiri na aongeze maneno mawili matatu ya kulibainisha.

8. Mashauri kwa mfasiri

Anayefasiri maandishi ya nyanja hii na ajiulize maswali matatu kabla ya kuanza. Je, mwandishi anadai kwamba jambo hili limetendeka? Akidai, ni ripoti, na mfasiri asiongeze wala asipunguze uthabiti wake; “inasemekana” isigeuke kuwa “imethibitika”. Je, msomaji wa asili angetambua kwamba kinachosemwa kimekuzwa? Angetambua, ni tashtiti, na mfasiri ahakikishe kwamba msomaji wa Kiswahili naye atatambua, hata ikibidi kubadili mfano au mchezo wa maneno. Je, ni maneno ya nani, ya gazeti au ya chanzo chake? Neethling hakushtaki kwa maneno ambayo gazeti liliyabuni. Alishtaki kwa maneno ya Coetzee yaliyochapwa na gazeti. Mfasiri anayeziondoa alama za kunukuu anamhamisha msemaji.

9. Istilahi zinazopendekezwa

Chanzo: mtu au hati iliyotoa habari.
Gazeti binafsi: gazeti lisilo mali ya serikali.
Gazeti huru: gazeti ambalo wahariri wake ndio wenye uamuzi wa mwisho juu ya yaliyomo.
Gazeti mbadala: gazeti lililoanzishwa kusema yasiyosemwa na magazeti makubwa.
Kashfa: jambo la aibu lililofichuliwa.
Kibonzo: mchoro wa gazetini wenye ujumbe, hasa wa tashtiti.
Kipindi cha mpito: muda ulio kati ya utawala unaoondoka na ule unaoingia.
Kujidhibiti: kufuta au kuacha kuandika kwa kuchelea adhabu.
Mfichuzi: mtu wa ndani anayelitoa hadharani jambo lililofichwa.
Mwigo wa kejeli: uigaji wa kazi au nembo ya mwingine kwa kuigeuza maana.
Ripoti: maelezo ya jambo lililochunguzwa, yenye kudai kuwa ni kweli.
Tashtiti: utungo, mchoro au mchezo unaokuza uovu au upumbavu wa wenye nguvu ili utambulike.
Uandishi wa uchunguzi: kutafuta na kuthibitisha habari zilizofichwa.
Udhibiti wa habari: kukagua, kufuta au kuzuia maandishi kwa amri ya mamlaka.
Ufichuzi: tendo la kulitoa hadharani jambo lililofichwa makusudi.
Uvunjaji wa heshima: kosa la kisheria la kumchafulia mtu jina.

Maneno haya yanatolewa ili yajadiliwe kabla hayajafikiriwa kusanifiwa. Tunawaomba wasomaji, hasa makarani wa mahakama, wahariri na walimu wa fasihi, watuletee maoni yao pamoja na mifano ya matumizi waliyoyakuta katika kazi zao, ili katika matoleo yajayo tuweze kuyapima na kuyarekebisha.